Kilo za Unyevu

"Mia moja na kumi na nne!"

Nesi Jerop aliitoa ile namba kwa sauti ya mtu anayenadi mitumba, na foleni nzima ya kliniki ya figo ikageuza shingo kutazama ni nani mwenye kilo hizo. Alikuwa Walubengo. Alishuka kwenye mizani polepole, akavaa viatu bila kufunga kamba, maana kuinama kungemtoa mkoromo ambao hakutaka watu wausikie. Akajiapia kimoyomoyo kwamba mizani ile haingemwona tena mpaka awe mtu mwingine.

Hayo yalikuwa mwezi wa nne. Figo za binti yake Brigid, mwanafunzi wa ualimu wa miaka ishirini, zilikuwa zimekufa zote mbili, na mara mbili kwa wiki alilala kando ya mashine ya kusafisha damu katika hospitali moja mjini Eldoret. Mama yake, Nanzala, alikuwa na presha. Hakufaa kutoa figo. Walubengo alipopimwa damu ilikubali, figo zikakubali, kila kitu kikakubali isipokuwa mwili uliozibeba. Daktari hakumzungusha. Mtu mnene hivi akipasuliwa, alisema, tunaweza kumpoteza baba tukijaribu kumwokoa mtoto.

"Shuka mpaka kilo tisini, Mzee. Kikao cha madaktari wa upandikizaji ni mwezi wa kumi na moja. Ukifika tisini, mnaingia kwa orodha. Usipofika, kikao kingine ni mwezi wa tatu."

"Na mtoto atangoja mpaka mwezi wa tatu?"

Daktari aliangalia karatasi zake kwanza. "Wengine hungoja," alisema. "Wengine hawawezi. Kula kidogo, tembea sana."

Tisini! Walubengo aliijua namba hiyo kuliko jina la babu yake. Gunia la mahindi ni kilo tisini, naye kwa miaka kumi na sita alikuwa akinunua magunia kwa wakulima, akiyajaza kwenye stoo yake pale Cheptiret, kando ya barabara kuu ya Nakuru. Kazi aliyopewa ilikuwa rahisi kuieleza. Alikuwa gunia moja, debe moja na gorogoro tatu za juu, kilo ishirini na nne za ziada. Alitakiwa kubaki gunia.

Na kutembea kwenyewe, nani asiyejua kutembea? Hivyo ndivyo wanavyosema watu wembamba, na Mungu awasamehe, hawajui walisemalo. Asubuhi ya kwanza Walubengo alitoka nyumbani kwake Munyaka kabla jua halijachomoza, amevaa suti ya michezo aliyoinunua dukani kwa aibu ya mtu anayenunua dawa ya minyoo. Hatua mia mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Halafu mapaja yakaanza kusuguana, mwanzo kwa joto tu, kisha kwa moto. Tumbo nalo lilikuwa na safari yake: mguu ukienda mbele, tumbo lilibaki nyuma kidogo likifikiria, kisha likaja lote kwa mpigo na kuvuta mgongo. Magoti yalilia kama bawaba. Ile hewa nyembamba ya Eldoret, inayowapa wenzake medali, kwake iligoma kupita kooni, na katika baridi ile inayowafanya watu kupulizia mikono pumzi, yeye jasho lilimtiririka mpaka soksi.

Wanariadha walimpita. Hilo halikumuuma sana. Wale huwapita watu wote. Kilichomuuma ni bodaboda. Mtu mnene akitembea Eldoret, watu wa boda huona mteja ambaye bado hajakubali tu. Walisimama mmoja baada ya mwingine, saba kwa hesabu yake, na wa saba alimfuata taratibu kwa mguu mmoja chini.

"Mzee, panda twende."

"Nafanya mazoezi."

"Panda tu, haki. Hata bure nitakubeba. Usijiue na barabara."

Majirani walikuwa wabaya zaidi kwa sababu walikuwa na huruma. Mwanamume wa hadhi yake, mwenye pikapu, anatembea kwa miguu alfajiri? Siku ya pili waliuliza kama gari limeharibika. Siku ya tatu hawakuuliza tena, wakawa wanamwamkia kwa upole wa matangani, naye akajua mtaa mzima umeshaamua kwamba gari limechukuliwa na madalali. Jioni Nanzala alimkuta ameketi kitandani miguu mbali mbali, hawezi kuikutanisha.

"Baba Brigid, umechubuka kama mtoto wa nepi," alisema, akamtupia kopo la mafuta ya kujipaka. Kisha akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia, na Walubengo akainuka kitandani akazunguka chumba kizima akitafuta kitu ambacho hakukijua. Tangu mwezi ule hakuweza kukaa. Akiketi mezani, mguu ulimtikisika. Akiingia kanisani, alisimama nyuma karibu na mlango. Kila saa aliyokaa kitako aliiona kuwa saa aliyomwibia Brigid.

Aliuhamisha mwendo wake Cheptiret, ambako angalau kulikuwa na mashamba ya kujifichia. Akawa anaondoka Munyaka mapema, anaegesha pikapu stoo, kisha anaishika barabara ya vumbi, ya murram, inayoingia ndani kwenye mahindi na ngano, anatembea mpaka saa ya kufungua. Huko ndiko alikokutana na Mzee Kipyego.

Walijuana, kama mnunuzi anavyomjua mkulima. Kipyego alikuwa na miaka sabini na mwili wa mpini wa jembe, na kila alfajiri alibeba mtungi wa maziwa kutoka kwake mpaka lami, lilikosimama lori la kukusanya maziwa.

"Chamgei, Walubengo. Gari iko wapi?"

"Iko kwa stoo, Mzee. Natembea tu."

"Unaenda wapi?"

"Siendi mahali."

Kipyego aliliwaza jambo hilo kwa heshima. "Basi twende huko pamoja," alisema.

Walubengo, kwa adabu ya kijana kwa mzee, alinyoosha mkono kuupokea mtungi. Kipyego akauhamishia upande wa pili.

"Hapana. Wewe umebeba tayari."

"Nimebeba nini?"

"Mimi nikitembea natembea na Kipyego peke yake. Wewe unatembea na Walubengo na ndama kwa mabega. Barabara ni ile ile, mlima ni ule ule. Sasa kati yetu ni nani anafanya kazi?"

Walubengo alisimama katikati ya barabara. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Watu wote, hata yeye mwenyewe, walikuwa wameuhesabu mhemo wake kuwa uvivu. Kabla hawajafika lami alikuwa amemweleza mzee habari zote: Brigid, mashine, kikao cha mwezi wa kumi na moja, tisini.

Tangu siku hiyo Kipyego akawa kocha wake. Eldoret kila mtu ni kocha, lakini huyu alijua. Alimfundisha kupiga hatua fupi mlimani ili magoti yasibebe kishindo. Alimkataza kushindana. "Ongea ukitembea," alisema. "Ukishindwa kuongea, unakimbia, na wewe hujafika mahali ya kukimbia. Ukiweza kuimba, umelala." Basi wakawa wanaongea. Waliongea juu ya ng'ombe, juu ya mbolea, juu ya mke wa Kipyego aliyekufa miaka mitatu iliyopita kwa ugonjwa ambao nao ulihitaji kwenda mjini mara nyingi. Walubengo alipokosa pumzi, mzee alisimama akajifanya anafunga kifuniko cha mtungi, na kifuniko kile kilikuwa kimefungwa barabara tangu zizini.

Wiki tatu zilipopita, Jumamosi jioni, wakulima wameshaondoka, Walubengo alivua viatu akapanda kwenye mizani ya stoo.

Sasa hapa pana jambo la kusema, na afadhali lisemwe wazi. Ile mizani ya chuma ya kupimia magunia ilikuwa na skrubu nyuma yake. Skrubu ikikazwa, gunia husoma pungufu. Mwaka wa kwanza wa biashara Walubengo alimwita Wabuge, mpimaji wake, mtu mzima mwenzake kutoka Bungoma, akamwambia akaze kidogo, kilo mbili tu. Aliziita kilo za unyevu. Mahindi mabichi hukauka stoo, uzito hupungua, hasara ni ya nani? Wanunuzi wote wanafanya hivyo, na wengine wanafanya vibaya zaidi. Haukuwa wizi, kwa maoni yake. Ilikuwa hali ya hewa.

Lakini kwa mwili wake alitaka ukweli. Mizani iliposoma mia moja na nne, aliongeza zile mbili kwa uaminifu: mia moja na sita. Kilo nane ndani ya wiki tatu! Alirudia kupanda mara mbili, akatabasamu peke yake gizani mwa stoo. Kumbe kutembea ni dawa kali hivi.

Brigid aliandika namba hiyo kwenye kalenda ya jikoni kwa kalamu nyekundu. Ikawa desturi yao. Kila Jumamosi jioni baba aliingia, na kabla hajavua koti, binti aliuliza akiwa kitini, blanketi magotini, "Dadi, ngapi?" Mia moja na nne. Mia moja na moja. Tisini na nane.

"Lakini si ujipime tu kule kwetu?" alimwambia siku moja. "Mimi nikiingia wananipima, nikitoka wananipima. Dakika moja tu."

"Mizani ya hospitali imechoka na wagonjwa," alisema Walubengo. "Yangu inapima mali."

Brigid alimwangalia kidogo, akaandika alichoambiwa. Alijua aibu ya baba yake, akaiheshimu.

Na mwili kweli ulikuwa unabadilika. Hilo haliwezi kukanwa. Mwezi wa saba mapaja yalipona, yakaacha kusuguana. Mwezi wa nane aliamka asubuhi moja akagundua kwamba ameteremka ngazi zote bila kushika ukuta. Mlima wa kwa Kipyego, uliokuwa ukimsimamisha mara nne, sasa ulimsimamisha mara moja. Suruali zilimshuka, mshipi ukatobolewa matundu mapya kwa msumari, na wale wale waliosema gari limechukuliwa na madalali wakaanza kusema ni kisukari, wengine ugonjwa mbaya zaidi. Akina mama wa kanisa walikuja Munyaka na sufuria la kuku kumwombea. Walubengo aliwasikiliza wakimkabidhi kwa Mungu huku mguu wake ukitikisika chini ya meza. Kwao, mwanamume wa Kibukusu aliyekonda kwa hiari ni kitu ambacho hakijaumbwa.

Katikati ya mwezi wa tisa mizani ilisoma themanini na nane. Ongeza mbili. Tisini.

Hakuamini. Alishuka, akaenda kwenye rundo la mahindi, akalijaza debe, akalitwika begani na kuzunguka nalo stoo nzima. Debe lilimlemea. Alipoliweka chini alikuwa anahema, akaketi juu yake na kucheka. "Hili nilikuwa naenda nalo hata chooni," alimwambia Wabuge. "Hili, na gorogoro tatu juu yake."

Wabuge hakucheka sana. Alitazama mizani, akatazama mlango, akasema ni saa ya kufunga.

Nyumbani Brigid aliandika 90 akaizungushia duara mara tatu. Nanzala alipika chapati. Wiki saba zilikuwa zimebaki kabla ya kikao, na Walubengo, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne, aliketi. Alitembea bado, lakini kama mtu anayetembelea marafiki. Akala ugali wa kushiba. Kila Jumamosi mizani ilisoma themanini na nane, themanini na nane, na hilo lilimtosha kabisa.

Siku sita kabla ya kikao alikwenda na Brigid kliniki. Foleni ilikuwa ile ile, nesi alikuwa yule yule. Walubengo aliinama akafungua kamba za viatu mbele ya wote, kwa makusudi, bila mkoromo, akapanda.

Nesi Jerop aliangalia namba. Akaangalia faili. Safari hii hakunadi.

"Tisini na sita, Mzee," alisema kwa sauti ya chini.

"Angalia tena."

Aliangalia tena. Walubengo alivua koti. Akatoa funguo, simu, mshipi, akasimama ameshika suruali kwa mikono miwili. Tisini na sita. Nesi alimpeleka kwenye mizani nyingine, ya chumba cha ndani, ambayo nayo haikuwa na habari nyingine.

"Umeshusha kilo kumi na nane," daktari alimwambia baadaye. "Si mchezo. Lakini daktari wa ganzi hatakubali, nimemuuliza. Ungekuja kujipima mwezi wa tisa tungejua mapema. Kwa wiki saba, kilo sita ungezishusha." Akamwandikia karatasi yenye uzito na tarehe. Mwezi wa tatu.

Brigid alikuwa amekaa dirishani, amesikia yote. Alijifunga leso vizuri kichwani, akaingia chumba cha mashine, na mlango ukafungwa nyuma yake. Angekuwa mle kwa saa nne.

Walubengo hakungoja. Aliendesha mpaka Cheptiret akiongea peke yake. Ulikuwa msimu wa mavuno, uwanja wa stoo umejaa matrela na punda, wakulima wamepanga foleni, na kwenye mizani lilikuwa limesimama gunia la Mzee Kipyego, la kwanza kati ya tisa. Kipyego alimpungia mkono. Walubengo alimpita, akamshika Wabuge kiwiko, akamvuta nyuma ya magunia.

"Umeniua. Mizani inakula ngapi?"

Wabuge alikuwa amelingoja swali hilo tangu siku ya debe. "Nane, bosi."

"Nilikuambia mbili!"

"Ulianza na mbili. Mwaka ule wa ukame ukasema kaza. Mbolea ikapanda, ukasema kaza. Lori ikaanguka Burnt Forest, ukasimama hapo hapo mlangoni ukaniambia, 'Wabuge, kaza kidogo.' Mimi nilikaza. Haujawahi kuniambia nilegeze, hata siku moja."

Walubengo alikumbuka ukame. Alikumbuka lori. Kila mara ilikuwa kidogo, na kila mara aliisahau kabla ya chakula cha mchana, akabaki na zile mbili za kwanza kichwani kama mtu anayebaki na picha yake ya ujanani. Haba na haba hujaza kibaba. Hivyo ndivyo alivyonenepa pia. Hakuna siku aliyokula kilo ishirini na nne.

"Kwa nini hukuniambia ulipoona najipima?"

"Ulikuwa unafurahi," alisema Wabuge. "Na ningekuambia nini? Kwamba hii kitu inadanganya? Si unajua inadanganya."

Nje watu walikuwa wakiita, kazi imesimama. Walubengo alijua la kufanya ambalo lingekuwa rahisi: kungoja jioni, kulegeza skrubu, kunyamaza. Angeweza hata kuonekana mwema msimu ujao. Lakini miguu yake, iliyokuwa imekataa kutulia tangu mwezi wa nne, ilikuwa tayari inampeleka uwanjani, na alipofika mbele ya mizani hofu ilimshika kuliko hofu ya kisu cha daktari.

"Shusheni hilo gunia," alisema.

Wapagazi wakalishusha. Walubengo alivua viatu, akapanda pale lilipokuwa, mbele ya foleni yote. Wengine walicheka wakidhani ni mzaha wa mavuno. Alitoa karatasi ya hospitali, akampa Mzee Kipyego kwa mikono miwili.

"Soma, Mzee. Hiyo ni ya leo asubuhi."

Kipyego aliisogeza mbali na macho. "Tisini na sita," alisoma.

"Sasa soma hii ninayosimamia."

Mzee alisogea. Alisoma, akasoma tena, kicheko cha uwanjani kikafa polepole kuanzia waliokuwa karibu.

"Themanini na nane," alisema Kipyego. Kisha, "Tangu lini?"

"Mbili, tangu mwanzo. Nane..." Walubengo alitaka kusema hakumbuki, akaona hilo pia ni kukaza. "Ni miaka mingi, Mzee. Nimewaibia nyote. Na mimi mwenyewe nimejipimia hapa, nikadhani nimefika. Sijafika. Mtoto wangu amekosa nafasi."

Ghasia ilizuka. Mmoja alimwita mwizi, wengi wakaitikia, mama mmoja alimwonyesha kidole akamwambia Mungu halali. Walubengo alibaki juu ya chuma baridi, miguu mitupu. Alikuwa na aibu kubwa kuliko ile ya kliniki, ila hii hakuikimbia. Wabuge alikuja na spana, akachutama nyuma ya mizani.

"Simama wima, bosi," alinong'ona, akaanza kulegeza. Themanini na tisa. Tisini na moja. Uwanja mzima ulitazama mpaka iliposoma tisini na sita, na wengi walipokwisha kuona hivyo walianza kupakia magunia yao kuyapeleka kwa wanunuzi wengine. Kipyego alipakia yake tisa. Karatasi ya hospitali aliirudisha, ameikunja vizuri.

Brigid alipotoka kwenye mashine, baba alikuwa mlangoni. Alimweleza ndani ya gari, mikono kwenye usukani, gari limezimwa, yote mpaka skrubu. Binti alisikiliza akiwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, uso wa rangi ya majivu kama kawaida ya siku zile.

"Kwa hivyo tangu mwezi wa tisa," alisema hatimaye, "tulikuwa tunasherehekea mahindi ya watu."

"Ndiyo, mama."

"Nimekasirika, dadi. Sijui nitakasirika mpaka lini." Alifumba macho. "Mimi nitajaribu kufika mwezi wa tatu. Lakini wewe utakuwa unajipima hapa. Kila wiki, wakinipima na wewe upimwe, mbele ya hao watu."

"Nitapimwa."

Usiku huo Brigid alikata 90 kwenye kalenda kwa mstari mmoja, akaandika pembeni 96, bila duara.

Alfajiri yake Walubengo aliegesha pikapu Cheptiret na kuishika murram kama kawaida. Kulikuwa na umande, na baridi ilipenya mpaka kwenye meno. Alitembea upesi kuliko siku zote, hatua fupi mlimani, akijua kwamba leo hatakuwa na wa kuongea naye. Kwenye kona ya miwati alimwona Mzee Kipyego akija na mtungi wake. Walubengo akasimama kando ya barabara, akavua kofia.

"Chamgei, Mzee."

Kipyego hakuitikia. Alifika alipo, akauweka mtungi chini kwenye vumbi, katikati yao.

"Iko na lita nane," alisema. "Nane, kila asubuhi, mpaka hiyo mwezi yako ya tatu. Na mimi leo singoji mtu."

Akaondoka kuelekea lami, mikono mitupu, mwendo wa haraka, bila kugeuka.

Walubengo aliinama, siku hizi aliweza kuinama, akauinua mtungi na kumfuata.